Kima wa Amazon na Mwani wa Bahari: Niliyojifunza Kuwalinganisha Nikiwa Kisumu

Sisi walimu tunaosomea shahada wakati wa likizo tulipewa kazi katika kozi ya anuwai ya viumbe: okota karatasi mbili kutoka kwenye kasha, viumbe wawili watakaotoka uwalinganishe kwa maandishi, kisha usimame mbele ya darasa uwaeleze. Aliyeketi kando yangu alipata ng'ombe na mbuni. Mimi nilipata marmoseti kibete, kima mdogo kuliko kima wote duniani, na Ulva lactuca, mwani wa kijani unaoota baharini. Kima huyo anaishi Amerika Kusini, mwani unaishi kwenye maji ya chumvi, nami nafundisha shule iliyo njiani kutoka Kisumu kwenda Maseno, ambako maji tunayoyajua ni ya ziwa na ya mvua.

Nilitamani sana kubadilisha karatasi zile. Leo nashukuru kwamba haikuwezekana. Naandika haya kwa ajili ya mwalimu au mwanafunzi atakayepewa jozi ya namna hiyo, kwa sababu pesa na usingizi vilivyonitoka mimi si lazima vimtoke na yeye.

Karibu darasa zima tulianzia mahali pamoja: jedwali lenye safu mbili. Huyu ana damu, yule hana. Huyu hutembea, yule hatembei. Huyu hula, yule hujitengenezea chakula. Safu zinajaa haraka na kazi inaonekana imekwisha, lakini ukisoma tena unaona kwamba hakuna ulichogundua. Nilipompelekea mhadhiri rasimu, aliiweka mezani akasema, "Mwalimu, tofauti naziona. Chagua swali moja, waulize wote wawili, uniletee majibu yao. Ukimaliza, chagua lingine." Maneno hayo ndiyo yaliyogeuza kazi yangu, na kama una haraka unaweza kuondoka nayo sasa hivi. Swali likiulizwa kwa upande mmoja tu, kama "je, ana damu?", upande wa pili unabaki kujibu "hapana" ukurasa mzima. Ukiuliza "seli zake hupataje chakula na hewa?", wote wawili wana la kusema.

Lakini kabla ya maswali kuna kumjua kiumbe mwenyewe, na hapo ndipo muda wangu mwingi ulipoishia.

Nianze na mwani, maana mtego wake ni rangi. Mtu wa Kisumu akitajiwa mwani wa kijani, mawazo yanakwenda moja kwa moja kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, hasa nyakati zile maji yanapokuwa kama yamemwagiwa rangi na kuanza kunuka kandokando ya ufuo. Kuna walionishauri nichote chupa moja kwenye ufuo wa Dunga nimalize kazi. Kijani kile kwa sehemu kubwa si mwani wa kundi la Ulva. Ni sianobakteria, yaani bakteria wanaotumia mwanga wa jua, na anayetajwa mara nyingi zaidi ni Microcystis. Seli yake haina kiini. Ziwa Nakuru nako ni vivyo hivyo: ukijani ambao flamingo wadogo huuchuja kwa midomo yao ni Arthrospira, naye ni bakteria. Kwa hiyo mwanafunzi wa kwetu anaweza kukulia kando ya maji ya kijani maisha yake yote bila kuona hata jani moja la mwani wa kijani.

Pwani mtego unageuka upande wa pili. Mwani ambao akina mama wa Kibuyuni, kaunti ya Kwale, huufunga kwenye kamba baharini na kuuanika wauze ni wa kundi la mwani mwekundu, hata pale ambapo matawi yake yanaonekana kijani machoni. Rangi ya nje haitoshi. Unachotafuta ni vitu viwili: klorofili (rangi ya kijani inayonasa mwanga) za aina a na b kwa pamoja, na wanga uliohifadhiwa ndani ya kloroplasti yenyewe, yaani sehemu ya seli inayotengeneza chakula kwa mwanga. Ulva inavyo vyote viwili, na mahindi na mwembe vilevile. Ndiyo maana Ulva ina undugu wa karibu zaidi na mwembe ulio uani kwako kuliko ule mwani wa kahawia unaoota kama misitu kwenye bahari za baridi.

Sasa kuupata. Nina binamu yangu Mombasa, nikampigia simu. Alikwenda ufuoni siku hiyo hiyo kwa sababu ananipenda, akakuta maji yamejaa, akarudi mikono mitupu. Jirani yake mvuvi ndiye aliyemwelekeza: subiri bamvua, siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yakipwa kabisa utaukuta kwenye miamba. Hilo lilikuwa kweli. Kama unahitaji kiumbe wa ufuoni na huishi pwani, angalia mwezi kwanza kabla ya kumsumbua mtu, kwa sababu nje ya bamvua maji hayapwi vya kutosha.

Kifurushi cha kwanza kilikuja na basi la usiku, mwani ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa pamoja na maji yake. Nilipoufungua stendi, mhudumu alirudi nyuma. Mwani uliofungwa gizani na joto, ndani ya maji kidogo yasiyo na hewa, huoza haraka kuliko mboga. Nauli ya kifurushi ilikuwa imekwenda, na bamvua nyingine ilikuwa bado majuma mawili. Usiku huo nilikaa mezani bila kuandika neno. Wenzangu walikuwa wameshaanza kuchapa kazi zao, mimi sina hata kipande cha kuonyesha, na mume wangu aliponiuliza kwa nini nisitumie picha tu kama wengine, sikuwa na jibu zuri zaidi ya kwamba nilitaka kukishika.

Njia iliyofaa ni hii, na ningependa mtu angeniambia mapema. Mimina maji ya bahari kwenye sinia pana. Weka jani la mwani likunjuke lenyewe majini. Ingiza karatasi nzito chini yake, kisha inua karatasi polepole kutoka upande mmoja ili maji yachuruzike na jani libaki limelala juu. Funika kwa kitambaa chepesi cha pamba, weka katikati ya magazeti, gandamiza kwa vitabu vizito, na magazeti ubadilishe kila siku hadi yasilowe tena. Ulva haihitaji gundi, hujibandika yenyewe. Karatasi zilizokauka hivyo husafiri kwa bahasha ya kawaida bila harufu. Kwa hadubini binamu alinitumia pia majani mabichi machache, yamefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa maji ya bahari, ndani ya ndoo yenye chupa ya barafu, na yalifika hai. Usiyaoshe kwa maji ya bomba. Seli zilizozoea chumvi huvuta maji matamu na kuvimba. Kama huna maji ya bahari, gramu 35 za chumvi ya kawaida katika lita moja ya maji zinatosha kwa kazi ya siku moja.

Tulikaa maabara jioni, mimi na wanafunzi wachache wa Kidato cha Tatu waliobaki kwa hiari yao. Jani lilikuwa pana kuliko kiganja changu, lenye mawimbi ukingoni, na kivuli cha vidole vyangu kilionekana nyuma yake. Kulikata ubavuni ndiyo kazi. Wembe ukilikata peke yake linakunjika. Fundi wa maabara alitufundisha kupasua karoti katikati, kulibana jani humo, kisha kukata karoti na jani pamoja, vipande vyembamba kadiri mkono unavyoweza. Vingi vilitoka vinene. Kimoja kikakubali. Kwa ukuzaji wa mara 400 zilionekana safu mbili za seli, zimepeana migongo, basi. Hakuna mshipa, hakuna ngozi, hakuna kitu katikati. Mwanafunzi mmoja aliangalia muda mrefu, akaniuliza, "Madam, na ndani yake ni wapi?"

Swali la mtoto yule ndilo lililonipa ukurasa wangu bora zaidi. Ulva haina ndani. Kila seli yake inagusa bahari kwa upande mmoja, inachukua hewa na chumvichumvi moja kwa moja, na kuachilia takataka papo hapo. Jani linaweza kukua kufikia urefu unaompita marmoseti kibete, mkia na yote, huku unene wake ukibaki seli mbili tu. Kima amechukua njia nyingine. Seli zake zimerundikana pande zote, na nyingi mno hazitawahi kugusa nje maisha yake yote. Ili ziishi, ni lazima maji yaletwe kwao, na maji hayo ni damu, yenye chumvi yake pia, karibu gramu 9 kwa lita. Mapafu, moyo, figo na utumbo, vyote ni jibu la swali moja: seli iliyo katikati itafikiwaje? Mwani umejibu kwa kutokuwa na katikati. Nilipoliona hilo, ile safu ya "ana damu, hana damu" ilipata maana.

Tulidondosha iodini pia. Ndani ya kila seli kuna kloroplasti moja iliyojikunja kama kikombe, na tone la iodini lilipofika likageuka bluu iliyokoza pale wanga ulipo. Jaribio hilo hilo tulilifanya kwa jani la maharagwe, watoto wakaona rangi ile ile.

Kwa kima sikuwa na bahati hiyo. Marmoseti kibete huishi magharibi mwa Amazon, katika nchi za Brazil, Peru, Ecuador, Colombia na Bolivia, na sina uwezo wa kwenda huko. Mwanazuoni wa Ujerumani aitwaye Spix ndiye aliyemwandika kisayansi mwaka 1823, miaka 70 baada ya Linnaeus kuiandika Ulva lactuca mwaka 1753. Mtu mzima wa spishi hiyo ana uzito wa gramu 120 hivi, kwa hiyo ukinunua robo ya sukari dukani umebeba uzito wa kima wawili. Kichwa na kiwiliwili havizidi sana sentimita 15, na mkia ni mrefu kuliko mwili.

Tahadhari kuhusu picha. Ukitafuta marmoseti kwenye simu, nyingi zitakazokuja ni za marmoseti wa kawaida, yule mwenye vishungi vyeupe masikioni. Kibete hana vishungi, ana manyoya ya hudhurungi yenye mchanganyiko wa dhahabu na nyeusi, yanayomfunika hadi masikio. Utakutana pia na wanaomtangaza lemuri panya wa Madagaska kuwa ndiye kima mdogo zaidi. Ni mdogo kweli, hata kuliko marmoseti, ila si kima. Ni wa tawi jingine la jamii pana ya wanyama hawa, pamoja na komba wetu. Na vitabu vya zamani vinamtaja marmoseti kibete kuwa spishi moja, ilhali wataalamu wa siku hizi wanawatenga kuwa wawili, wa kaskazini na wa kusini ya mto Amazon.

Kwa kuwa sikuweza kumwona, niliamua kwenda kumtazama ndugu yake aliye karibu. Msitu wa Kakamega una kima kadhaa, na upande wa Isecheno utawakuta hata kabla hujaingia ndani sana. Kima wa buluu wa msitu huo wamefuatiliwa na mtafiti Marina Cords tangu mwaka 1979, kwa hiyo waongozaji wa pale wana mazoea ya kueleza tabia za wanyama kwa makini. Tulimkuta yule mdogo mwenye mkia mwekundu, uzito wa kilo 3 au 4. "Madam, usitazame mkia kwanza, tazama pua," mwongozaji aliniambia, na kweli palikuwa na doa jeupe katikati ya uso mweusi. Mashavu yalikuwa yamejaa matunda aliyoyaweka akiba. Jike mmoja alipita juu yetu na mtoto kifuani, mtoto mmoja tu, mikono yake midogo imeshika manyoya ya ubavu wa mama.

Gharama ya siku ile, nauli, kiingilio na mwongozaji, ilinipunguzia sana bajeti ya mwezi, na kuna aliyeniambia nimepoteza hela kwa kutazama mnyama asiye kwenye karatasi yangu. Mimi naona nilipata nilichokifuata. Nilipokwisha kumwona mama yule mwenye mtoto mmoja, ndipo nilipoelewa uzito wa ninachokisoma kuhusu marmoseti: yeye kwa kawaida huzaa pacha, kila mmoja gramu 15 hivi, na mzigo huo mama habebi peke yake. Baba na kaka na dada wakubwa huwabeba mgongoni, na watoto hurudi kwa mama kunyonya. Nilipoziona kucha bapa za kima wa Kakamega akishika tawi, nikaelewa kwa nini vitabu vinasisitiza kwamba marmoseti ana kucha zilizochongoka vidoleni, isipokuwa kidole gumba cha mguu. Kima wa Afrika na wa Amerika waliachana takriban miaka milioni 40 iliyopita, na ukimjua wa kwako unajua mahali wa mbali alipopotoka njia. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kama kiumbe wako yuko mbali, tafuta jamaa yake wa karibu, mtazame, halafu usome.

Kucha zile zina kazi. Marmoseti kibete hung'ang'ania shina wima na kutoboa gamba kwa meno yake ya mbele ya chini, kisha hurudi kulamba gundi na utomvu unaotoka. Hula wadudu pia, ila gundi ndiyo chakula chake kikuu. Kikundi kizima, watu wazima na watoto, huweza kuishi kwenye eneo lisilofika hekta 1, wakitegemea mti mmoja au michache, na mti ukikauka gundi wanahama. Tumbili wa Nakuru nao hula gundi ya migunga, kwa hiyo si jambo geni kwetu, ila kwa tumbili ni kitafunwa kati ya vingi.

Hapo nikauliza swali langu kuhusu nguvu ya kuishi: inatoka wapi? Kwa Ulva jibu ni jua, moja kwa moja. Kwa kima, gundi ni sukari iliyoungana minyororo mirefu, sukari imetengenezwa na majani ya mti, na majani yamefanya kazi kwa kloroplasti za jamii ile ile niliyoiona ndani ya kikombe cha kijani chini ya hadubini. Na kloroplasti zenyewe, kwa mwani na kwa mti, asili yake ni sianobakteria aliyemezwa na seli ya kale akabaki humo akifanya kazi. Yaani jamaa ya wale wanaofanya ghuba yetu iwe kijani. Niliona furaha ya pekee kuandika sentensi hiyo, kwa sababu wale niliowaondoa mwanzoni kwamba si mada yangu walirudi kwa mlango mwingine.

Swali lililofuata sikulipanga. Nilikuwa nasoma jinsi kima anavyoyeyusha gundi, nikakuta kwamba hawezi peke yake. Minyororo ile vimeng'enya vyake vinashindwa kuikata, kwa hiyo chakula hukaa utumboni muda mrefu na bakteria ndio wanaoikata na kumwachia kilicho cha manufaa. Nikajiuliza, je, mwani nao unahitaji bakteria? Sikutarajia jibu lolote. Kumbe Ulva ikikuzwa maabara bila bakteria kabisa, haitoi jani. Inabaki kuwa rundo la seli zisizo na umbo. Bakteria fulani wanaoishi juu yake hutoa kemikali zinazoifanya ikue kuwa jani. Kima bila bakteria hashibi kwa gundi, mwani bila bakteria hauna sura. Swali "anaishi na nani?" lilinipa ufanano wa kweli kati ya viumbe ambao jedwali langu la kwanza lilikuwa limewatenga kabisa, na kama ningebakiza swali moja tu katika kazi nzima, ningebakiza hilo.

Uzazi ulinichanganya zaidi ya kitu chochote, na nakushauri uutengee muda. Kwa kima, mwili mzima una seti mbili za kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli), na seti moja hupatikana kwenye yai na manii tu. Kwa Ulva kuna majani ya aina mbili: moja lina seti moja, jingine lina seti mbili, na kwa macho huwezi kuyatenganisha. Lenye seti moja hutoa gameti, yaani seli za uzazi, gameti mbili zikiungana huota jani lenye seti mbili, nalo hutoa spora zinazoota jani lenye seti moja. Chora duara hilo kwa mkono mara kadhaa kabla ya kuliandika. Kwenye karatasi zangu zilizokauka, baadhi ya majani yalikuwa na ukingo mweupe, nami nilidhani ni uozo wa safarini. Si uozo. Seli za ukingoni hugeuka zote kuwa gameti au spora, huogelea kwenda zao, na kuacha kuta tupu. Nilikuwa nimeshika mahali ambapo uzazi umepita.

Gameti hizo zina mikia miwili ya kuogelea, na huifuata nuru. Zikishaungana, kilichopatikana hukimbia nuru na kwenda chini kutafuta mwamba. Ukiukata mkia huo na kuutazama kwa hadubini ya elektroni utaona mirija midogo imepangwa jozi tisa kwenye duara, na miwili katikati. Manii ya kima yana mpangilio huo huo, tisa na miwili. Nilitoa picha mbili nikaziweka pamoja kwenye ukurasa mmoja bila maelezo mengi. Viumbe hawa waliachana zamani mno, kabla ya kuwapo mnyama au mti, na bado wanaogelea kwa chombo kimoja.

Siku ya kuwasilisha nilipitisha karatasi zenye mwani uliokauka zishikwe na kila mtu, na hilo lilisaidia kuliko picha zote. Nilipoeleza pacha wa marmoseti, kwamba hushirikiana mishipa ya damu tumboni hata kila mmoja huzaliwa na seli za damu za mwenzake, mwenzetu mmoja kutoka Vihiga aliinua mkono. "Mwalimu, kwa hiyo yupi kati ya hawa wawili ameendelea zaidi?" Nilimjibu kwamba wote wana umri mmoja. Ukoo wa kila mmoja umeishi na kubadilika muda ule ule tangu walipoachana, na kila mmoja anafaa mahali pake. Mwaka 2008 jamii ya Ulva iliifunika bahari huko Qingdao, China, hadi ikabidi watu wengi waisombe kabla ya mashindano ya mashua ya Olimpiki. Kima wetu hawezi kufunika chochote, anazaa wawili wawili na kuwabeba, na anawindwa ili auzwe kama mnyama wa kuchezea nyumbani. Kumwita mmoja wa juu na mwingine wa chini hakumsaidii mwanafunzi kuelewa hata kimoja kati ya hayo. Mhadhiri aliliandika jambo hilo pembeni, na baadaye aliniuliza kwa nini nisilianze nalo. Pengine alikuwa na haki, ila sidhani lingeeleweka kabla ya yale ya karoti na mkia.

Kwa anayeanza sasa, pesa ziweke kwenye kifurushi kizuri na safari moja ya kuona kwa macho, si kwenye kuchapa kwa rangi. Wembe mpya, karoti na chupa ndogo ya iodini vilinigharimu chini ya nauli ya kwenda mjini na kurudi. Hadubini za shule nyingi zinatosha kabisa kwa kuona seli za Ulva. Hazitoshi kuona mirija ya mkia, na hapo huna budi kutumia picha za wengine.

Gameti zikiogelea sijaziona bado. Hutoka saa chache baada ya jani lililokomaa kupata mwanga, na kwa ndoo ya basi haiwezekani kupanga hilo. Binamu ameshaniandalia mahali pa kulala Mombasa likizo ya Agosti, fundi wa maabara amekubali niazime hadubini ndogo ile ya kioo, na bamvua ya mwezi huo nimeshaizungushia wino kwenye kalenda ya ofisini.